Daftari Linalosafiri Usiku
Somo la vikundi: kupanga kompyuta itume orodha ya wateja yenyewe



Siku hizi vikundi vingi vinavyouza maziwa, asali, mayai au vyondo vimeweka orodha ya wateja wao kwenye kompyuta. Vingine vimekubaliana na kampuni ya kutuma matangazo, ili bidhaa ikiwa tayari wateja wote wapate meseji kwa mara moja. Hiyo ni hatua nzuri. Inapunguza kutembea, na maziwa hayaharibiki yakingoja mnunuzi.

Lakini orodha hubadilika kila siku. Mteja mpya amekuja, mwingine amebadilisha namba, mwingine amesema hataki meseji tena. Kwa hivyo kila wiki karani anatoa orodha upya, anaibeba kwa flashi mpaka saiba, anaituma kwa kampuni. Akiwa mgonjwa, orodha haiendi. Ndiyo maana vijana wa kompyuta wanatuambia: "Tupange ijitume yenyewe kila usiku."

Inawezekana, na si kazi kubwa. Somo hili linaeleza inavyofanywa. Si lazima kila mmoja wenu aguse kompyuta. Lakini kamati lazima ielewe, kwa sababu kijana anapoipanga atauliza maswali, na majibu ni ya kamati, si yake.

KISA CHA SAFU YA DENI

Nianze na kisa, na sehemu ya kosa ni yangu. Miaka michache iliyopita nilikuwa nikitembelea kikundi kimoja cha akina mama wanaouza maziwa mala na mayai. Orodha yao ilikuwa safi: jina la mteja, simu, kituo anachochukulia maziwa, na mwisho deni lake kama amekopa. Kijana akaja kuwapangia kompyuta. Akauliza, "Mama, nichukue safu gani?" Mwenyekiti akajibu, "Chukua zote tu, mwanangu, si ni zetu?" Mimi nilikuwa nimekaa pale nakunywa chai. Sikusema neno.

Miezi mitatu kazi ilienda vizuri. Halafu karani, kwa nia njema kabisa, akaisogeza safu ya deni mbele ya kituo ili aione vizuri. Hakumwambia mtu. Angemwambia nani, na kwa nini? Usiku ule kompyuta ikatuma faili kama kawaida. Kule kwa kampuni mashine ilikuwa imeambiwa: safu ya kwanza jina, ya pili simu, ya tatu kituo. Basi asubuhi wateja wakapata meseji kwamba maziwa mala yamefika "kituo cha 0", "kituo cha 450", "kituo cha 3200".

Wengi walicheka. Lakini kulikuwa na mama mmoja, mteja wa siku nyingi, ambaye simu yake ilikuwa mkononi mwa mumewe asubuhi ile. Mume akashangaa hiyo 3200 ni kituo gani. Akapiga simu kuuliza, na aliyepokea akajibu bila kufikiri: "Hilo ni deni la mama." Sitaeleza yaliyotokea nyumbani kwao. Nitasema tu kwamba deni lililipwa siku ileile kwa kuku waliouzwa haraka, na mama huyo hajarudi kununua maziwa pale mpaka leo.

Kompyuta ilifanya vile ilivyoambiwa. Mtu akituma orodha kwa mkono, huwa anaiona kidogo, na pengine angeshtuka. Ikijituma yenyewe usiku, hakuna anayeiona. Kwa hivyo tunapopanga mashine, lazima tupange pia ni nani ataangalia na ataangalia nini. Hilo ndilo somo la leo, na hatua zote zinazofuata zinarudi hapo.

FAILI INAPITA WAPI

Safari ina vituo vinne.

Cha kwanza ni orodha yenu yenyewe, kwenye programu ya mauzo au jedwali la Excel. Hapo ndipo ukweli unapokaa.

Cha pili ni faili inayotolewa humo. Mara nyingi ni ya aina inayoitwa CSV. Ni maandishi matupu: kila mteja mstari wake, na kati ya jina, simu na kituo kunawekwa alama ya mkato. Karibu kila programu duniani inaisoma, ndiyo maana inapendwa.

Cha tatu ni barabara ya kupitia, yaani njia ya kutuma faili kwenye mtandao.

Cha nne ni seva ya kampuni ya matangazo. Seva ni kompyuta inayokaa imewashwa mchana na usiku ikingoja wageni. Kampuni huwapa folda yenu humo. Faili yenu ikiingia, mashine yao inaifungua na kusahihisha orodha ya wapokeaji.

Kila kituo kina mlango wake wa makosa. Twende pole pole.

HATUA YA 1: AMUENI KITAKACHOTOKA

Chukueni karatasi. Andikeni safu zote zilizo kwenye orodha yenu. Kisha kwa kila moja ulizeni: je, meseji ya tangazo inahitaji hii? Jina la kwanza, ndiyo. Simu, ndiyo. Kituo, ndiyo, kama meseji inakitaja. Deni, hapana. Namba ya kitambulisho, hapana. Ugonjwa, kabila, idadi ya watoto, hapana kabisa.

Kisichohitajika kisitoke. Msiseme "tutaficha baadaye" au "kampuni ni ya kuaminika." Safu ambayo haikusafiri haiwezi kupotea njiani. Kama kikundi kile kingetuma safu tatu badala ya nne, karani angeweza kuzisogeza apendavyo na deni lisingefika popote.

Mwambieni kijana ataje safu kwa majina yake kwenye programu: toa Jina, Simu, Kituo. Asiandike "toa zote." Siku mtakapoongeza safu mpya kwenye orodha, hiyo mpya itabaki nyumbani mpaka kamati iseme.

HATUA YA 2: MTEJA AMEKUBALI?

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, kifungu cha 31, inalinda faragha ya kila mtu, pamoja na habari za familia yake na mambo yake binafsi. Halafu kuna Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019. Sheria hiyo inasema huwezi kutumia habari za mtu kwa biashara bila ruhusa yake, isipokuwa pale sheria nyingine imeruhusu na mwenyewe amejulishwa wakati habari zilipochukuliwa. Mtu kukupa namba ili umpigie maziwa yakifika si sawa na kukubali namba hiyo ipelekwe kwa kampuni nyingine.

Kwa hivyo muulizeni waziwazi, kwa lugha anayoielewa: "Tungependa kukutumia meseji za bidhaa zetu. Namba yako itapelekwa kwa kampuni inayotusaidia kutuma. Unakubali?" Akikubali, andikeni NDIYO kwenye safu ya ruhusa pamoja na tarehe. Akikataa, aendelee kuuziwa maziwa kama wengine bila kununiwa.

Kisha kompyuta ipangwe itoe wale wenye NDIYO peke yao. Palipo wazi pahesabiwe kuwa hapana.

Pia muwe na mkataba wa maandishi na kampuni hiyo. Ulizeni seva yao iko nchi gani, kwa sababu sheria ina masharti yake kwa habari zinazopelekwa nje ya Kenya. Ulizeni wanakaa na faili zenu siku ngapi kabla ya kuzifuta.

HATUA YA 3: FAILI IANDIKWE VIZURI

Hapa ndipo makosa madogo yanapozaa hasara. Angalieni mambo matano.

Namba za simu. Excel ikiona 07 mwanzoni hudhani ni hesabu, na sifuri inaanguka. Mkiandika kwa namna ya kimataifa, yaani 254 na tarakimu tisa baada yake, Excel inaweza kuonyesha kitu kama 2.547E+11. Mkihifadhi CSV ikiwa hivyo, namba imepotea na hairudi. Dawa ni kuifanya safu ya simu kuwa ya maandishi kabla ya kuandika namba ya kwanza. Mkiitoa faili moja kwa moja kutoka kwa programu ya mauzo bila kupitia Excel, ni afadhali zaidi. Halafu mkubaliane na kampuni kama wanataka alama ya + mbele au hawataki.

Tarehe. Sisi tukiandika 03/04/2025 tunamaanisha tarehe 3 mwezi wa nne. Mmarekani akiisoma, ni tarehe 4 mwezi wa tatu. Andikeni 2025-04-03, mwaka kwanza, kisha mwezi, kisha siku. Hakuna atakayebishana nayo.

Alama ya mkato ndani ya jina. Mkiandika kituo kuwa "Sokoni, karibu na posho mill," mashine itaona safu mbili na kila kitu baada yake kitasogea. Programu nzuri hufunga maneno kama hayo kwa alama za kunukuu. Hakikisheni inafanya hivyo.

Herufi. Majina kama Mũthoni na Wanjirũ yana herufi zenye alama juu. Faili isipohifadhiwa kwa mpango unaoitwa UTF-8, yanafika yamegeuka vikorokoro. Mteja akiona jina lake limeharibiwa anajua hamkumjali.

Mstari wa kwanza. Uwe na majina ya safu, na yasibadilike. Iambieni kampuni ioanishe safu kwa majina, isihesabu tu ya kwanza, ya pili, ya tatu. Si mnakumbuka kisa chetu?

HATUA YA 4: BARABARA NA UFUNGUO

Njia ya zamani ya kutuma faili inaitwa FTP. Ilielezwa mara ya kwanza mwaka 1971 na Abhay Bhushan, akiwa chuo cha MIT huko Marekani. Wakati ule kompyuta zilizounganishwa zilikuwa chache. Kwa hiyo neno la siri hupita wazi, kama barua isiyo na bahasha. Mtu aliyekaa njiani anaweza kulisoma, na faili pia.

Mwaka 1995, Tatu Ylönen wa chuo kikuu cha ufundi cha Helsinki, Ufini, aligundua kwamba maneno ya siri yalikuwa yakiibwa kwenye mtandao wa chuo chake. Akatengeneza SSH, njia ambayo kila kinachopita kimefungwa. SFTP, ambayo kampuni nyingi za matangazo hutumia leo, inapita juu ya njia hiyo, kwa kawaida kwenye mlango namba 22. Basi kampuni ikiwaambia mtumie FTP tupu, ulizeni SFTP. Wakikosa, tafuteni kampuni nyingine.

Kwa kuwa usiku hakuna mtu wa kuandika neno la siri, kompyuta hutumia ufunguo. Fikirini kufuli na ufunguo wake. Kijana anatengeneza vyote viwili kwenye kompyuta yenu. Kufuli, yaani sehemu ya wazi, mnaipelekea kampuni waifunge kwenye mlango wa folda yenu. Hata mtu akiiona, haimsaidii. Ufunguo, yaani sehemu ya siri, unabaki kwenu. Usitumwe kwa WhatsApp, usiwekwe kwa flashi ya mtu, usikae kwenye kompyuta ya saiba.

Siku ya kwanza ya kuunganisha, kompyuta itaonyesha alama ndefu ya seva na kuuliza kama mnaitambua. Vijana wengi hubonyeza "ndiyo" bila kuangalia. Msifanye hivyo. Iombeni kampuni alama hiyo mapema kwa njia nyingine, halafu mlinganishe herufi kwa herufi. Ndivyo mnavyojua kwamba mlango mnaougonga ni wao.

Jambo moja tena. Akaunti iwe kwa jina na anwani ya kikundi, si ya kijana. Nimeona kikundi kikifungiwa nje ya akaunti yake kwa sababu kijana alipata kazi mbali na akabadilisha laini ya simu. Aliyetengeneza ufunguo akiondoka kwa amani au kwa ugomvi, ufunguo ubadilishwe wiki hiyohiyo.

HATUA YA 5: SAA YA KUTUMA

Kwenye kompyuta za Linux kuna mtumishi anayeitwa cron. Unampa mstari mmoja na anafuata. Kwenye Windows iko programu ya kupanga kazi inayofanana naye. Mstari wa cron unaanza hivi:

0 2 * * *

Maana yake ni dakika ya sifuri, saa ya 2, kila tarehe, kila mwezi, kila siku ya wiki. Baada ya nyota hizo linafuata jina la programu ya kuendeshwa.

Sasa angalieni mtego. Sisi tunasema saa nane usiku. Kompyuta huanza kuhesabu usiku wa manane, kwa hiyo saa nane yetu ya usiku ni 2 yake. Mkimwambia kijana "saa nane" na yeye akaandika 8, faili itaenda saa mbili asubuhi, wakati karani anaandika maziwa. Itatoka nusu imeandikwa, nusu bado.

Mtego wa pili ni saa ya nchi nyingine. Seva nyingi hufuata saa ya UTC, ambayo iko nyuma yetu kwa saa tatu. Salesforce Marketing Cloud, huduma kubwa ya Marekani inayotumiwa na kampuni nyingi, mashine zake hufuata saa iliyo nyuma ya UTC kwa saa sita, mwaka mzima. Kutoka kwetu ni saa tisa nyuma. Mkituma faili saa nane usiku wa kuamkia Jumanne, kule bado ni Jumatatu saa kumi na moja jioni. Jina la faili likiwa na tarehe ya Jumanne, na mashine yao imeambiwa itafute faili ya "leo", itatafuta ya Jumatatu na kusema hakuna. Watu huhangaika siku nzima wakidhani mtandao umekatika, kumbe ni tarehe tu. Ulizeni saa yao mapema, mwiandike kwenye karatasi ya makubaliano.

Mtego wa tatu ni stima. Cron haamshi kompyuta iliyozimwa. Stima ikipotea saa hiyo, kazi ya usiku huo imepita. Kama kwenu inapotea mara kwa mara, pangeni saa ya mchana ambayo mtu yupo ofisini na karani ameshamaliza kuandika. Si lazima iwe usiku. Usiku unapendwa tu kwa sababu hakuna anayeigusa orodha.

HATUA YA 6: BREKI

Gari bila breki halipandwi. Kijana aweke breki nne kwenye programu ya kutuma.

Kwanza, kabla ya kutuma, programu ilinganishe mstari wa kwanza wa faili na ule mliokubaliana. Ukitofautiana hata neno moja, isitume.

Pili, ihesabu mistari. Jana ilikuwa 310 na leo ni 12? Isitume. Pengine orodha haikufunguka vizuri. Hapa ulizeni kampuni jambo muhimu: faili mpya ikiingia, orodha ya zamani inafutwa na kubadilishwa yote, au walioko wanasahihishwa na wapya kuongezwa? Kama ni kubadilishwa yote, faili tupu ya usiku mmoja inaweza kufuta wateja wenu wote. Kama ni kuongeza na kusahihisha, mteja mliyemwondoa kwenu anabaki kule akiendelea kupata meseji. Kila njia ina dawa yake, lakini lazima mjue ni ipi mnayotumia.

Tatu, faili itumwe kwa jina la muda, na ikishafika yote ndipo ipewe jina lake la kweli. Mtandao ukikatika katikati, mashine ya kampuni haitafungua faili nusu.

Nne, kazi ikishindwa, meseji iende kwa watu wawili wa kamati. Si kwa kijana peke yake.

HATUA YA 7: ALIYESEMA BASI

Mteja akiiambia kampuni "nitoeni", kampuni humwondoa. Lakini orodha yenu bado inasema NDIYO. Kesho usiku faili inaenda tena na jina lake. Kwa kampuni nyingine anarudishwa, na meseji inaanza upya. Mtu aliyesema basi akiendelea kusumbuliwa huona amedharauliwa, na ana haki ya kulalamika kwa Ofisi ya Kamishna wa Kulinda Data.

Kwa hivyo ombeni faili inayorudi. Kila siku kampuni iweke kwenye folda yenu majina ya waliojiondoa. Kompyuta yenu iichukue na kubadilisha NDIYO kuwa HAPANA kabla ya kutoa faili mpya. Kwanza kupokea, ndipo kutuma. Msibadilishe mpangilio huo. Na mteja akimwambia karani uso kwa uso, karani abadilishe palepale.

HATUA YA 8: JARIBIO

Msianze na wateja. Andikeni wanakamati watano tu, kwa namba zao. Mmoja awe na jina lenye herufi za alama, mmoja awe na kituo chenye alama ya mkato, mmoja awe na HAPANA kwenye ruhusa. Acheni kompyuta itume kwa wiki nzima. Aliye na HAPANA akipata meseji, kuna kosa. Mmoja wa wanne waliobaki akikosa, kuna kosa.

Siku ya nne, sogezeni safu moja makusudi, muone kama breki inashika. Ni afadhali aibu ya kamati kuliko ya mteja.

KITABU CHA ASUBUHI

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Pamoja na kompyuta yote hiyo, nunueni kitabu kimoja cha kawaida. Kila asubuhi mtu mmoja aandike mambo manne: tarehe, mistari iliyotumwa, mistari ambayo kampuni inasema imepokea, na sahihi yake. Hesabu mbili zikitofautiana, apige simu kabla meseji ya siku hiyo haijatumwa. Kazi hiyo ni ya dakika tano.

Gawaneni kazi. Karani analinda orodha, na habadilishi safu bila kusema. Mweka hazina anaandika kitabu cha asubuhi. Kijana anatunza programu na ufunguo, na nakala ya maelezo yake inakaa na katibu. Mwenyekiti anauliza habari za kitabu kila mkutano.

Na habari za wateja zikivuja? Zimeni kwanza. Mwambieni kijana asimamishe kazi ya usiku huo. Kampuni inayowatumia meseji, ikigundua uvujaji kwake, inatakiwa iwajulishe bila kukawia, ndani ya saa 48 ikiwezekana. Ninyi nanyi, kama uvujaji unaweza kweli kuwadhuru wenyewe, mnatakiwa kumjulisha Kamishna ndani ya saa 72 tangu mlipojua, na kuwaambia wahusika. Halafu nendeni kwa mtu mliyemwumiza mkamwombe msamaha mkiwa mmesimama mbele yake, wala si kwa meseji. Kikundi kile hakikufanya hivyo mapema, na mimi sikuwasukuma. Tulipokwenda mlango ulikuwa umefungwa.

MASWALI YA KUJADILI KIKUNDINI

1. Orodha yetu ina safu gani? Ni zipi zikitoka nje zitamwaibisha mtu?

2. Ni wateja wangapi tuliowauliza ruhusa kwa maneno, na tumeandika wapi?

3. Ufunguo wa akaunti yetu uko kwa nani leo? Akihama kesho, tutaingia vipi?

4. Faili yetu ikitumwa tupu usiku wa leo, nani atajua, na saa ngapi?

5. Katika kisa cha safu ya deni, kosa lilikuwa la nani: karani, kijana, mwenyekiti, aliyepokea simu, au mgeni aliyekuwa akinywa chai? Kila mmoja angefanya nini tofauti?

Kabla ya mkutano ujao, fanyeni Hatua ya 1 tu, kwa karatasi na kalamu. Haihitaji stima wala kijana. Mkishamaliza, mpeni karani aisome orodha ya safu kwa sauti, na kila mmoja ajiulize kama angependa yake isomwe hivyo sokoni.